Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za chama zimekwenda vizuri. Hesabu zimekaguliwa na Mweka Hazina atazisoma baada yangu. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotuumiza zaidi mwaka huu: wenzetu wa Kariakoo na Gerezani waliofunga kampuni, kisha wadai wakawafuata hadi nyumbani.

Wengi wetu tulisajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, tukiamini deni la kampuni litaishia kwenye kampuni. Kwa mwanahisa ni kweli. Msingi huo uliwekwa Uingereza katika shauri la Salomon mwaka 1896, na Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2002 imesimama juu yake. Lakini sisi ni wanahisa na pia ni wakurugenzi, na mkurugenzi ana wajibu wake mwenyewe.

Kampuni ikifilisiwa, mfilisi, yaani anayeteuliwa kukusanya mali yake na kuwalipa wadai, hufukua vitabu vya nyuma. Anachotafuta ni lini mkurugenzi alijua, au alipaswa kujua, kwamba kampuni haiwezi tena kujinasua, na baada ya hapo alifanya nini. Aliyeendelea kuchukua mali kauli, yaani bidhaa kwa mkopo, bila tumaini la kulipa anaweza kuamriwa na Mahakama achangie kutoka mfukoni mwake. Akithibitika alikusudia kuwadhulumu wadai, hiyo ni jinai. Aliyetangulia kumlipa shemeji yake ili wadai wengine wakose, fedha hizo zaweza kudaiwa zirudi. Kujiuzulu dakika za mwisho hakufuti yaliyotendeka.

Tena kuna madeni yasiyomsubiri mfilisi. Dhamana binafsi mliyosaini benki, yaani ahadi ya kulipa wenyewe kampuni ikishindwa, inawabana ninyi, si kampuni. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayouza nyumba nyingi kuliko sheria yoyote. Kodi nayo: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inairuhusu Mamlaka ya Mapato (TRA) kuwafikia wasimamizi wa kampuni. Na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), asilimia 20 ya mshahara, sehemu yake imekatwa kwa mfanyakazi. Ile ni jasho lake. Nawasihi msiigeuze mtaji hata wiki moja.

Kupata hasara si kosa. Sheria inamtazama vizuri aliyeitisha kikao cha bodi mapema, akaandika muhtasari, akaacha kukopa mali mpya na kuwaeleza wadai ukweli. Nimeona wenzetu wakificha kwa aibu mpaka dalali wa mahakama anagonga mlango, na inaniuma, kwa sababu miezi michache kabla ya hapo walikuwa bado na la kufanya.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza sehemu ya akiba ya chama iwalipe wakili na mhasibu watakaokaa kwa siri na mwanachama yeyote anayeona biashara inayumba. Gharama zimo katika bajeti mtakayogawiwa. Pendekezo litapigiwa kura leo, kabla ya uchaguzi wa viongozi.

Mwenyekiti
Dar es Salaam