Nikikataa mafunzo haya, nitabeba lawama peke yangu?

Shikamoo shangazi,

Jana usingizi umenipaa, na wala hatukugombana. Baba watoto alisema tu, "Ukikataa, akija kufeli lawama ni zako." Akageukia ukutani akalala.

Ni hayo mafunzo ya kompyuta ya kumbukumbu tendaji, yaani ile ya kushika jambo kichwani huku ukilifanyia kazi, najua wazazi wengine wameshakuandikia. Vipindi 25 kwa wiki 5, mtoto anakariri namba kinyumenyume na kufuatisha vitaa vinavyowaka. Wetu ana miaka 8 na si mjinga, shangazi. Hadithi aliyoisikia mara moja atakusimulia mpaka uchoke. Lakini mtume vitu vitatu, anarudi na kiatu kimoja mkononi: "Mama, ulisema na nini tena?" Hesabu ndiyo usiseme. 47 jumlisha 38: saba na nane kumi na tano, anaandika 5, ile moja ya kubeba ishapotea. Anayekaa naye jioni kwenye hayo madaftari ni mimi. Halafu lawama ziwe zangu!

Na sikatai kwa ukaidi, nimesoma. Australia walichukua watoto 452 wenye kumbukumbu dhaifu, baadhi wakapewa mafunzo ya aina hiyo hiyo. Baada ya miaka 2 hawakuwazidi wenzao kusoma, na kwenye hesabu walikuwa nyuma kidogo. Mwaka 2013 watafiti wawili, Melby-Lervåg na Hulme, walijumlisha tafiti nyingi wakaona mtoto anakuwa hodari wa mazoezi yanayofanana na yale aliyozoezwa, ila darasani hayamfikishi mbali. Nikamwonyesha mwenzangu. Akanijibu hao si watoto wetu, na kwamba Klingberg wa Sweden aliyeyaanzisha ni profesa, si tapeli. Nani kasema tapeli?

Mimi namkatia maagizo vipande vifupi, namwandikia hatua kwenye kikaratasi anakibandika mezani. Kuna siku inasaidia, kuna siku wapi. Baba yake anasema namdekeza. Mama mkwe alishaniambia hata huyo mwanawe utotoni alikuwa hivyo hivyo, lakini nikilitamka hilo nyumba itawaka moto.

Fedha si tatizo, tunaweza kujibana. Kinachoniuma ni hilo neno. Tukiyafanya na yasimsaidie, hakuna atakayeulizwa. Nikikataa, kila alama mbaya hadi amalize shule itakuwa na jina langu.

Sitaki miujiza. Nataka tu awe kama dada yake, ashike jambo likae. Basi niambie, nitakataaje bila kubeba mzigo huu peke yangu? Au kama unamjua hata mtoto mmoja ambaye shuleni yalimsaidia kweli, usinifiche, nitakubali na nitakaa naye vipindi vyote, maana najua atakayekaa ni mimi. Nijibu mapema, Ijumaa baba yake anataka kulipia.

Mama asiyelala