Risala ya Wahitimu wa Fani ya Uchoraji wa Ramani za Majengo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wajumbe wa Bodi, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi. Sisi wahitimu tumekubaliana kuwa risala hii isiwe ya kuomba viti wala uzio. Tutazungumzia jambo moja tu, nalo ni haja ya kuwa na wakufunzi wenye ithibati katika programu za kompyuta tunazozitegemea kazini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakati wa mafunzo kwa vitendo, mwenzetu mmoja alichora ramani ya nyumba kwa AutoCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea, akaandika pembeni kuwa skeli ni 1:100, yaani sentimita 1 ya karatasi ni mita 1 ya nyumba, kisha akaichapisha kwenye karatasi ya A3 kwa kutumia amri inayoubana mchoro ili uenee kwenye karatasi. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa sawa. Fundi alipoweka rula ya skeli juu ya karatasi ile, mlango wa sentimita 90, ambao haukuandikiwa vipimo, ukasomeka sentimita 70 na kidogo. Bahati nzuri fundi yule ni mzoefu, akauliza kabla hajapanga tofali. Mwenzetu hakuwa mzembe: alifanya vile alivyofundishwa kwenye kozi fupi mtaani, na aliyemfundisha alijua kitufe cha kubonyeza bila kujua kinafanya nini.

AutoCAD ilitoka mara ya kwanza mwaka 1982, na siku hizi hutolewa toleo jipya kila mwaka. Makabrasha tuliyorithi kwa kudurufu bado yanaonyesha ule mpangilio wa zamani wa menyu, ambao watengenezaji waliuondoa tangu toleo la 2015, na ndiyo maana baadhi yetu, tulipoketi mbele ya kompyuta za ofisini, siku za mwanzo tulizimaliza kwa kutafuta amri tulizokuwa tumezikariri mahali zisipokuwepo tena.

Wenzetu wa fani ya mitandao wana utaratibu tunaoutamani. Katika mpango wa Cisco Networking Academy, ulioanza mwaka 1997, mwalimu wa kozi za CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, huandaliwa kwanza kama mkufunzi wa kozi hizo, na cheti cha CCNA chenyewe hudumu miaka 3, baada ya hapo mwenye nacho hana budi kukihuisha. Autodesk nao, wenye AutoCAD, wana mitihani yao na wana ithibati ya wakufunzi. Kwa hiyo njia ipo. Kinachokwamisha ni ada, na muda wa mwalimu kujiandaa.

Tunaomba tueleweke vizuri, Mheshimiwa. Walimu wetu ni walimu hasa, na wapo waliosomea Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro. Tumewaona wakibaki karakana ya kompyuta hadi jioni, wakijifunza wenyewe toleo jipya ili kesho yake watufundishe. Cheti chao cha ualimu kinathibitisha kuwa wanajua kufundisha, na hilo hatuna shaka nalo. Lakini hakuna aliyewahi kuwagharamia wapimwe katika programu yenyewe, nasi tunaona si haki mzigo huo utoke kwenye mishahara yao.

Kwa heshima kubwa, tunakuomba utusaidie kupata wafadhili wa kuwalipia walimu 2 wa fani hii mafunzo na mitihani ya ithibati kabla ya muhula ujao, na uongozi wa chuo uwapunguzie vipindi wakati wa maandalizi. Sisi tunaondoka leo. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza ndio watakaokaa mbele ya walimu hao.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahitimu wa fani ya Uchoraji wa Ramani za Majengo.