Salamu za Krismasi kutoka Dodoma, zimechelewa kidogo

Ndugu, jamaa na marafiki, wakubwa zangu shikamooni, wengine hamjambo. Salamu hizi nilianza kuziandika Krismasi ya mwaka jana. Mpaka leo zipo kwenye simu, zimekomea kwenye neno "Ndugu".

Huku kwetu mvua zimeanza. Juzi usiku kumbikumbi walijaa kwenye taa ya baraza, asubuhi tukakuta mabawa yametapakaa mpaka ndani ya ndoo ya maji. Ndio msimu wetu mmoja huu, Desemba hadi Aprili; aliyechelewa kupanda mtama hana mvua nyingine ya kukimbilia. Ingawa kwa kuchelewa, Dodoma tusiwaseme watu sana. Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, wizara zikaanza kuhamia kwa kishindo baada ya tangazo la 2016. Miaka 43! Mimi wa miezi kumi na moja atanicheka nani?

Miezi hiyo ni deni langu kwa Mama Mdogo wa Kongwa. Januari aliniomba nimtafutie karatasi za kiwanja cha marehemu baba. Zilikuwa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, chini ya blanketi la wageni. Hata kona iliyoliwa na mende nilikuwa naijua. Kila Jumamosi nikisema leo. Kila Jumamosi nikasugua pipa la maji, nikapanga viatu, siku moja nikachambua maharage kilo tano bila kutumwa na mtu. Sasa mvivu gani huyo anayechambua maharage kilo tano?

Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, wanasaikolojia, waliandika mwaka 2013 kwamba anayeahirisha mambo kwanza anatafuta nafuu ya moyo. Kazi inamletea woga, uchovu au huzuni. Akiikwepa anapumua papo hapo, na mzigo anamtupia yule mtu wa kesho, ambaye ni yeye mwenyewe. Nilipoyasoma hayo nikaitazama kabati. Karatasi zenyewe hazikunitisha. Mle ndani mlikuwa na mwandiko wa baba.

Na aibu nayo huzaa. Kufika Juni nikawa sipokei hata simu za Mama Mdogo, nikiogopa ataulizia. Deni moja likawa mawili. Nilijisema vibaya, nikajikumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na bahasha ikabaki palepale. Michael Wohl na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, huko Kanada: waliojisamehe kwa kuahirisha kujisomea kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipojiandaa kwa wa pili. Mimi niliyelelewa kwa fimbo na methali, hapo ilibidi nisome mara mbili.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nikapanda stuli. Kuishusha, kuifungua na kupiga picha, dakika kumi na mbili. Mlikuwa na risiti, ramani ya kiwanja, na kipande cha daftari ambacho baba aliandika kwa kalamu nyekundu: "Fundi wa choo, bado. Wiki ijayo." Hata yeye! Nikakaa sakafuni nikacheka, halafu nikalia.

Kisha nikampigia Mama Mdogo, maneno ya kuomba radhi nimeyapanga mdomoni. Akaniwahi: "Mwanangu, huko Ipagala mvua imenyesha?"

Basi, kama kuna ujumbe wako sijaujibu, nitafute tena, sasa napokea. Na kama wewe ndiye uliyenyamaza kwa sababu ya hela au ahadi fulani, piga tu. Nitakuuliza habari za mvua. Mama Mdogo anakuja tarehe 26 na unga wa uwele, mlenda upo.

Krismasi njema, na heri ya Mwaka Mpya.