Mheshimiwa Waziri, cheti cha korona sina, kusahau ninako

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: WALIOBAKI NA KUSAHAU BAADA YA UVIKO-19

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima.

Mimi nauza vipuri vya magari Gerezani, Kariakoo. Duka ni la mjomba wangu, mimi nasimama kaunta, na nimesimama hapo miaka ishirini na miwili. Nakutajia kazi yangu kwa sababu duka letu halikuwa na kompyuta. Kompyuta ilikuwa mimi. Fundi akija kutafuta beringi ya mbele ya Noah, kabla hajamaliza kusema nilishajua iko rafu gani, bei ya jumla ni ngapi, ya rejareja ni ngapi, na ile bei ya mwisho ambayo haitajwi mpaka mteja aanze kuondoka.

Mwanzoni mwa Julai 2021 niliumwa. Homa, kifua kubana, mwili kama umepigwa na nyundo. Siku ya tatu nilifungua kopo la grisi nikakuta halina harufu. Nikanusa kitunguu, nacho kimya. Zahanati walinipima malaria, haikuonekana, nikapewa dawa za nimonia na kuambiwa nijifukize. Unakumbuka siku zile, Mheshimiwa. Hata misibani tulisema "changamoto ya upumuaji", tukatazamana, tukaendelea kula pilau. Chanjo zilizinduliwa tarehe 28 mwezi huohuo. Wakati huo mimi nilishakuwa nimerudi kaunta.

Kifua kilipona. Kichwa hakikurudi chote.

Nilikuwa napanda ngazi kwenda stoo kuchukua shokapu, nikifika juu nimesahau nimefuata nini. Nashuka, namuuliza kijana wetu, napanda tena, nasimama palepale. Siku moja mteja alinipa noti mbili za elfu kumi, nikamrudishia chenji ya elfu arobaini. Akazirudisha, Mungu ambariki. Ambao hawakurudisha siwajui. Jioni nikirudi Mbagala napitiliza kituo changu, na si kwa usingizi: macho yako wazi, naviona Zakhem na Rangi Tatu vikipita, ila sikumbuki kwamba mimi ndiye ninayetakiwa kushuka. Kibaya kuliko vyote ni maneno. Neno lipo, nalijua, liko mdomoni, halitoki. Mafundi walianza kunimalizia sentensi, kwanza kwa utani, baadaye kwa huruma. Utani ulikuwa bora.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mke wangu alisema ni mawazo. Mjomba alisema uzee, na mimi nilikuwa na miaka 44. Jirani akasema nimechezewa, kuna mtu anaitaka nafasi yangu dukani. (Kwa mshahara ule, sijui nani angepoteza hela yake kwa mganga.)

Mwaka uliofuata nilikwenda hospitali kubwa. Sitaitaja, kwa sababu shida yangu si ya jengo moja. Walinipima sukari, presha, wingi wa damu, tezi ya shingo, na virusi vya Ukimwi. Walifanya vizuri, maana yote hayo yanaweza kumletea mtu kusahau, na mengine yana dawa. Yote yakatoka salama. Ndipo nikamweleza daktari habari ya Julai 2021, ya grisi na kitunguu. Akaniuliza: "Ulipimwa? Cheti unacho?"

Sina. Akaandika "msongo wa mawazo". Ndiyo imo kwenye faili langu hadi leo.

Barua yangu nzima ni juu ya cheti hicho. Mheshimiwa, nani alikuwa nacho? Mwaka 2020 takwimu ziliacha kutangazwa zikiwa zimefika wagonjwa 509, na kwa muda mrefu baada ya hapo hesabu ikabaki hiyohiyo. Vyeti walikuwa navyo wenye safari za ndege. Mimi safari yangu ilikuwa Mbagala na Kariakoo. Sisemi haya kufukua ya zamani, yaliyopita yamepita. Nasema kwamba mtu hawezi leo kudaiwa karatasi ambayo wakati ule hakukuwa na mtu wa kumpa.

Tena hiyo karatasi hata wakubwa wa fani hawaidai. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maana rasmi ya hali hii: ni ya mtu aliyeugua korona kwa uhakika *au kwa dalili zinazoelekea huko*, ambaye kwa kawaida miezi mitatu tangu aanze kuugua bado ana dalili, zimedumu si chini ya miezi miwili, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Kusahau na kushindwa kufikiri vizuri kumetajwa mle kwa jina. Hata msimbo wa kuandikia kwenye faili upo, U09.9. Soma tena sehemu ile ya "dalili zinazoelekea huko". Hapo nipo mimi, yupo fundi wa gereji ya pili kutoka kwetu, na yupo shemeji yangu mwalimu anayewaita wanafunzi "wewe mwenye sweta".

Na isidhaniwe kwamba ni hisia zetu. Uingereza walikuwa na bahati ya kuwa na picha za ubongo za watu zilizopigwa kabla ya korona kuingia. Wakawaita 785 kati yao, wenye umri wa miaka 51 hadi 81, wakawapiga picha tena. 401 walikuwa wameugua katikati. Matokeo yalitoka Machi 2022: waliougua, wengi wao bila hata kulazwa, walikuwa wamepungukiwa zaidi na nyama ya ubongo, kati ya asilimia 0.2 na 2, hasa sehemu zinazohusiana na kunusa na kumbukumbu, na majaribio ya kufikiri waliyafanya polepole zaidi. Niliposomewa habari hiyo nilikumbuka kopo la grisi.

Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine wa hukohuko, watu zaidi ya 112,000 waliopewa majaribio ya kumbukumbu na kufikiri. Aliyeugua akapona alikuwa chini ya asiyeugua kwa kiasi kama pointi 3 za IQ, yaani kipimo cha uwezo wa akili, ambaye dalili hazijamwisha pointi 6, aliyefika chumba cha wagonjwa mahututi pointi 9. Lipo na la kutia moyo: wale ambao dalili zao zilichukua muda mrefu lakini mwishowe zikaisha, walifanana na waliopona mapema. Kwa hiyo kuna kurudi. Ila mtu aliyeandikiwa msongo wa mawazo hajui kwamba kuna kurudi. Anajiona anaelekea uwendawazimu, na anaficha.

Dawa ya kumeza inayoponya hali hii haijapatikana, nami siiombi. Naomba swali. Mgonjwa anayelalamika kusahau aulizwe: uliwahi kuugua kifua na homa, ukapoteza harufu, na kusahau kukaanza baada ya hapo? Akisema ndiyo, na vipimo vingine viko salama, iandikwe hivyo kwenye faili na ihesabiwe kwenye MTUHA, mfumo wenu wa takwimu za vituo vya afya, cheti awe nacho asiwe nacho. Kisha aelekezwe yale yanayosaidia: kupumzika kabla hajachoka, kulala vya kutosha, kazi ngumu ya kichwa aifanye saa ambazo kichwa ni chepesi. Na apewe barua ya kumwonyesha mwajiri. Mjomba wangu ni mjomba. Mwingine angeshanifukuza.

Kumfuatilia mtu miaka mingi baada ya virusi si jambo geni kwetu. Mwenye VVU ana kadi yake ya CTC, kliniki ya matunzo na tiba, ana tarehe ya kurudi, asipokuja anatafutwa. VVU navyo hufika kwenye ubongo, na hapo kliniki wanajua kwamba mgonjwa anayesahau dawa huenda hafanyi ukaidi. Ujuzi huo tunao, umo ndani ya wizara yako.

Siku hizi kaunta yetu ina daftari lililofungwa kwa kamba ili lisipotee. Kila kipuri kina ukurasa: rafu, jumla, rejareja. Bei ya mwisho sijaiandika, mteja asije akachungulia. Kijana wetu ndiye anayeibeba kichwani sasa, na ninamfundisha mengine yaliyobaki kwangu kabla hayajaondoka.

Barua hii imenichukua siku tisa. Ukiona inafaa kuniita nije kueleza kwa mdomo, nitakuja. Ninachoomba tu, ofisi yako initumie ujumbe jana yake jioni, halafu asubuhi unitumie tena.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuza vipuri, Gerezani,
Dar es Salaam.