Barua ya wazi kwa wanafunzi wa tuisheni wanaokaa barazani kwangu

Wajukuu zangu,

Jumamosi mlipokuwa mkimsubiri mwalimu wenu, niliwategea fumbo tulilolijua kabla ya kujua kusoma: mtu ana chui, mbuzi na majani, na mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu; akiwapa kisogo, chui atamla mbuzi, na mbuzi atakula majani. Atavukaje mto na vyote salama? Hata dakika haikuisha, simu zikatoka mifukoni. Mmoja akasoma jibu kwa sauti, sahihi kabisa. Nikamwuliza, mbona mbuzi karudishwa? Kimya. Nimekereka hadi leo.

Fumbo lote liko kwa mbuzi huyo! Unamvusha kwanza, maana chui hali majani. Unarudi, unamleta chui. Sasa ukiwaacha wawili hao ng'ambo, mbuzi huna. Hapo ndipo nilipokwama siku mbili nzima nikichunga mifugo ya baba, nimechora mto mchangani kwa kijiti, kokoto tatu mkononi. Nilihamisha kila kitu isipokuwa yule aliyekwisha kuvuka, kwa sababu kurudi nilikuona hasara. Siku nilipothubutu kumrudisha mbuzi, nikamshusha, nikapeleka majani, kisha nikamfuata yeye mwisho, safari zikawa saba na wote salama. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Ninyi simu imewanyima mbio hizo, wanangu, na ndizo nilizotaka mzipate.

Siwalaumu peke yenu. Nimefundisha hesabu, na sisi walimu tulichapa kwa jibu baya bila kuuliza mtoto amefikaje hapo. Mzazi naye anauliza umekuwa wa ngapi, basi. Mtihani wa kuchagua A, B, C au D unampa mbahatishaji alama ileile ya aliyefikiri. Tumewafundisha kuogopa kukosea, halafu tunashangaa hamjaribu.

Chezeni bao. Zile kete 64 zina shule ndani yake: kabla hujasambaza, sema kwa sauti itaishia shimo lipi na mwenzio atakula wapi. Tegeaneni vitendawili, mtunge na vyenu. Hesabu ukiipata, itafutie njia ya pili.

Na fumbo langu nalibadilisha: mwongezeni kuku, ambaye chui humla pia, mtumbwi uleule. Atavuka? Ukiona haiwezekani, nionyeshe kwa nini. Jumamosi njooni na kokoto nne. Simu ziacheni kwa bibi yenu.

Babu yenu