Kuhusu uhakiki na pesa ambazo hazijaingia
Jamani habari zenu, poleni na mihangaiko. Inboksi yangu imejaa meseji za watu wanauliza mbona pesa ya msaada haijaingia, sasa kabla hujaanza kulia kwamba umefutwa angalia kwanza jina lako kwenye kitambulisho na kwenye laini ya simu kama yanafanana, herufi moja tu inakukwamisha. Mimi yalinikuta, nikadamka alfajiri mtoto mgongoni, nauli yenyewe ya kukopa, kufika dirishani naambiwa mtandao uko chini rudi kesho. Kesho! Kama vile umaskini nao una likizo.

Halafu wale mliopata kibarua, najua mnaogopa kusema maana kipato kikipanda kidogo msaada unaweza kukatwa na kibarua chenyewe hakina uhakika, ila ukinyamaza wakaja kugundua wanaweza kukudai zile za nyuma zote, bora uulize mapema kiwango mwisho wapi. Ukikataliwa omba sababu kwa maandishi, rufaa ina muda wake ukipita basi tena.

Namba ya siri usimpe MTU hata akisema yeye ni afisa. Na wale mnaocheka wenzenu humu eti ombaomba, nawatoa kwenye grupu, sirudii.

Mwenye fomu ya rufaa apige picha atume hapa, yangu imelowa na mvua.