YAH: Malalamiko kuhusu safari ya kuzamia Cape Town, wikendi ya Nane Nane 2025

Moshi,
25 Agosti 2025

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Utalii (jina limehifadhiwa),
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu wa Moshi na Arusha tuliolipia safari yenu ya kwenda kuzamia Simon's Town, karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Barua pepe mliyotutumia wiki iliyopita inasema hatustahili kurudishiwa hata senti kwa kuwa mizamo ya Jumapili tuliiacha kwa hiari yetu. Hilo si kweli. Ratiba yenu ndiyo iliyotutoa majini, na nitalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu tangazo la safari kama hiyo ya Desemba tayari liko mitandaoni, na saa mlizoandika ni zilezile.

Ratiba yenyewe ninayo, ina muhuri wenu. Ijumaa tarehe 8, sikukuu, tunaondoka KIA kupitia Nairobi. Jumamosi mizamo miwili kwa boti ya kukodi. Jumapili mizamo mingine miwili, wa kwanza saa 2:00 asubuhi, wa pili tutoke majini saa 6:00 mchana, kisha ndege ya kurudi saa 11:00 jioni ili Jumatatu watu wawahi kazini. Kati ya kutoka majini na kuruka angani mmeacha saa tano.

Mzamiaji hapandi ndege saa tano baada ya kuzamia. Chini ya maji mtu anavuta hewa ya mtungi ikiwa imegandamizwa. Kwenye kina cha mita 20 mgandamizo ni mara tatu ya ule wa juu ya maji, na nitrojeni nyingi inaingia kwenye damu na misuli kuliko kawaida. Ikipewa muda inatoka yenyewe kwa pumzi, taratibu. Mgandamizo ukishuka haraka kabla haijatoka, inageuka viputo ndani ya mwili. Viputo hivyo vikikaa kwenye viungo mtu hulia kwa maumivu, vikikaa kwenye uti wa mgongo anaweza kupooza. Na ndege, hata kama ndani yake tunakaa vizuri tunakunywa chai, hewa yake huko juu ni nyepesi kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Ndiyo maana mwongozo wa DAN, shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, unataka angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na angalau saa 18 kwa aliyezamia mara kadhaa au siku mfululizo. Sisi tulikuwa wa kundi hili la pili. Mlitupangia saa tano.

Linaloniumiza zaidi, Ndugu Meneja, ni kwamba ninyi ni watu wa mlima. Biashara yenu kubwa ni Kilimanjaro. Mteja wenu wa njia ya Marangu analala Mandara, mita 2,720, kesho yake Horombo, mita 3,720, na hapo waongoza wageni wenu wanamshauri aongeze siku nzima ya kuzoea kabla ya kwenda Kibo. Siku hiyo mnaitoza na mnaitetea, na mnafanya vizuri. Mgeni akisema ana haraka, ana ndege ya kuwahi, mnamwambia mwili hauna haraka hiyo. Kila mpagazi wa Marangu anajua kwamba mwili ukibadilishiwa hewa unataka muda. Mnapouza bahari, ujuzi huo mnauacha wapi? Mtu wenu wa ratiba alihitaji tu kuuliza swali moja kwa mwalimu yeyote wa kuzamia wa Zanzibar au Pemba, ambako wengi wetu tulijifunzia. Ni somo la mwanzo kabisa.

Aliyetuokoa ni nahodha wa boti. Jumamosi mchana, tukiwa tunapakua mitungi gatini, alituuliza ndege yetu ni ya lini, kama anavyouliza wateja wake wote. Tulipomwonyesha ratiba alikataa pale pale kutupakia Jumapili. Hakupandisha sauti wala hakutulaumu. Alisema tu kwamba boti yake haimpeleki majini mtu mwenye ndege jioni hiyo, na kwamba kampuni yenu haikumjulisha saa ya ndege wakati wa kuhifadhi nafasi. Wenzetu wawili walilipia mabadiliko ya tiketi wakarudi Jumatatu jioni, wakazamia. Sisi wengine tusingeweza, kuna walimu miongoni mwetu na kuna aliyekuwa na zamu hospitalini Jumatatu, tukashinda Jumapili nzima ufukweni tukiangalia boti zikitoka.

Na Jumapili ndiyo ilikuwa sababu ya safari. Kwenye tangazo lenu picha kubwa ya juu ni ya meli iliyozama, SAS Pietermaritzburg. Ni manowari ya kufagia mabomu ya baharini, enzi zake za Uingereza ikiitwa HMS Pelorus, ikashiriki uvamizi wa Normandy Juni 1944, ikauzwa kwa Afrika Kusini 1947, na mwaka 1994 ikazamishwa makusudi karibu na Miller's Point iwe makazi ya samaki. Watu wamejinyima miezi kadhaa kwa ajili ya kuiona. Wawili tu wameiona, tena kwa fedha zao za ziada. Kwenye tangazo hilohilo mmeweka pia picha ya papa wale wenye matundu saba ya matamvua, kana kwamba wanatusubiri. Wazamiaji wa kule wanajua kwamba papa hao walihama Miller's Point baada ya nyangumi wauaji kuwashambulia kati ya 2015 na 2017. Hilo sidai fidia yake, maana mnyama wa porini hana mkataba na mtu, lakini iondoeni hiyo picha.

Sasa suala la suti za mpira za kuzamia. Hapa uchungu wangu ni mkubwa kwa sababu mtu aliumia.

Mlituandikia kwamba kila mmoja atapewa suti nzito ya milimita 7, kofia yake, glavu na viatu vya mpira. Mlichukua vipimo vyetu vyote kwa WhatsApp, mpaka mzunguko wa shingo. Tulipofika, duka la vifaa lilitupatia suti za milimita 5, hakuna kofia, hakuna glavu. Tulipolalamika, dada wa dukani alifungua kompyuta akatuonyesha oda iliyotoka kwenu: suti nyembamba, bila vingine. Kofia na glavu walizokuwa nazo siku hiyo zilikuwa zimekwisha chukuliwa na wateja wengine, kwa kuwa Agosti ndio msimu wa kuzamia kwenye ghuba ile ya Simon's Town. Picha ya oda hiyo nimeiambatisha.

Mtu aliyezoea maji ya joto ya Mnemba, Zanzibar, anaweza kudhani milimita mbili si kitu. Jumamosi ile kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa, ilisoma joto la maji nyuzi 13. Maji yanachota joto la mwili zaidi ya mara ishirini kuliko hewa, na suti ya mpira inazidi kuwa nyembamba kadiri unavyoshuka kwa sababu mgandamizo unaibana. Isipokubana vizuri ni mbaya zaidi, kila ukigeuka maji mapya ya baridi yanaingia mgongoni. Kichwa kikiwa wazi, dakika za mwanzo paji la uso linauma kama limepigwa nyundo.

Tulizamia Partridge Point, kwenye sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya. Mahali ni pazuri mno, sitaki kupasema vibaya. Mwani wa kule unasimama kama msitu, shina kwa shina, na sili wanakuja mpaka usoni mwa mtu kumchungulia. Lakini kwenye mzamo wa pili mwenzetu mmoja, dada mwembamba wa Arusha, alianza kutetemeka mpaka kifaa cha hewa kikawa kinamchezea mdomoni. Nilikuwa naye. Alinionyesha ishara kwamba anataka kupanda, akajaribu kubonyeza kitufe cha kutia hewa kwenye jaketi lake la kuelea na vidole vikakataa. Alikuwa anakiona, anakigusa, hana nguvu ya kukibonyeza. Nilimbonyezea mimi, tukapanda pamoja polepole. Kwenye boti mabaharia wawili walimfungulia bizimu ya mkanda wa uzito, ule wenye vipande vya madini ya risasi vya kumsaidia mzamiaji kushuka, kwa sababu hakuweza, wakammiminia maji ya uvuguvugu shingoni yaingie ndani ya suti, wakamfunika koti la nahodha. Midomo ilikuwa ya bluu. Usiku ule mikono yake ilikuwa bado ina ganzi na hakuweza kushika uma.

Baridi pia si suala la kutetemeka tu. Mwili uliopoa unatoa nitrojeni kwa shida zaidi. Kwa hiyo suti zenu na ratiba yenu vilikuwa vinatusukuma kwenye hatari ileile kutoka pande mbili.

Kwa hayo, neno "hiari" kwenye barua yenu silikubali. Mteja aliyezuiwa na nahodha kwa kosa la ratiba ya kampuni hajajitoa. Huduma mlizotuuzia ni mizamo minne, mmetoa miwili. Suti mlizotuuzia ni nyingine, mlizoagiza ni nyingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayoilipia, na sisi tulilipa shilingi 4,200,000 kila mmoja kwa kuamini maandishi yenu.

Tunachotaka ni hiki. Kila aliyekosa mizamo ya Jumapili arudishiwe gharama yake kama ilivyo kwenye ankara yenu. Wenzetu wawili warudishiwe walicholipa kubadilisha tiketi na kulala usiku wa ziada, risiti zimeambatishwa. Sote turudishiwe tofauti ya bei ya suti, kofia na glavu. Fedha zipitie namba zilezile za simu tulizolipia, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, tutapeleka nakala hii pamoja na viambatisho Tume ya Ushindani, na tutafungua madai mahakamani.

Kuhusu Desemba sisubiri siku 14. Liondoeni tangazo lile leo, au ongezeni usiku mmoja ndege iwe Jumatatu mchana, bei ipande kama ni lazima ipande. Na suti ziagizwe kama mlivyoahidi, kwa sababu hata majira ya kiangazi maji ya kule si ya kuaminika: upande wa Atlantiki upepo wa kusini-mashariki unayasukuma maji ya juu mbali na pwani na kuleta ya chini yenye baridi, na yanaweza kushuka hadi nyuzi 10. Kuna kijana wa hapa Moshi amenipigia juzi, ameshalipa nusu ya nauli ya safari hiyo. Nimemwambia asizamie Jumapili. Ninyi ndio mliopaswa kumwambia.

Wako,

Mteja wenu, kwa niaba ya wenzangu
(jina, sahihi na namba ya risiti viko kwenye nakala iliyowasilishwa ofisini)

Viambatisho: ratiba yenye muhuri, picha ya oda ya suti, ankara, risiti za tiketi na malazi.